Kusimama Chavakali

Jumanne, 6 Agosti 1996
Leo jioni Mwalimu Muthama ametufundisha maneno ya safari. "Stop over" – unalala njiani, kesho unaendelea. "Stop off" – unashuka kidogo, unamwona mtu, unapanda tena. Naitaka ile kazi ya kukata tiketi za basi, lazima niyashike. Andati alinisikia nikikariri jikoni, akacheka. Akasema Desemba tukienda kwao Malava tuta-stop off Chavakali kwa Mama yangu. Nimefurahi! Mama hajaniona huu mwaka wa pili, na miguu imevimba, hatembei tena.

Jumapili, 11 Agosti
Andati hayuko. Mzigo ulimwangukia kiwandani jana. Mume wangu. Siwezi kuandika.

Jumatano, 14 Agosti
Matanga hapa mtaani Ziwani kila jioni. Majirani wanaimba, mimi nimekaa tu kama gunia. Ndugu yangu Bwire amepiga simu dukani kwa Nzuki: Mama amekataa chakula, anauliza mimi Triza nafika lini. Na barabara ya Malava, tunakompeleka Andati kuzikwa, inapita hapo hapo langoni kwake! Nikamwomba shemeji Kweyu tusimame kidogo tu. Amekataa, kwa upole. Eti mjane hatii mguu kwa boma la mtu kabla mume hajazikwa. "Mama Lorine," akaniambia, "utamwachia mama yako kifo mlangoni." Na baada ya mazishi nitabaki kwao mpaka ninyolewe nywele, matanga yaishe. Mama hatangoja, najua.

Nimekasirika sana. Andati angesimamisha gari.

Ijumaa, 16 Agosti
Naandika garini, herufi zinaruka. Jeneza liko miguuni pangu. Nakuru wenzangu walishuka wakanywa chai, mimi nikaletewa yangu dirishani. Stop off, stop off – maneno ya Mwalimu hayanitoki kichwani.

Chavakali. Rejeta imechemka, dereva anatafuta maji. Kweyu amenitazama. Ng'ambo ya barabara, langoni – kina Bwire wamemtoa Mama na kiti chake! Amekonda, Mungu wangu. Shangazi yake Andati amenishika leso, ananisihi nisishuke, nimfikirie Mama. Si ndiye ninayemfikiria! Mlango uko wazi. Mguu wangu mmoja uko chini.

Mama ameniona. Anamsukuma Bwire. Anainuka. Nampungia mkono abaki huko, abaki huko – hanisikii, anavuka barabara