Thali ya Bibi Sellammal

Kumbakonam,
14 Februari 1986

Kwa dada yangu Vasugi,

Pokea salamu zangu nyingi, mpe na shemeji zake, na zilizobaki wagawie watoto wasigombane. Natumaini kikohozi cha mdogo kimekwisha na mvua za Teluk Intan hazijaingia tena jikoni. Mimi mwilini sijambo, nakula na kulala. Moyoni siwezi kusema hivyo, ndiyo maana barua hii ni ndefu.

Katika barua zangu tatu zilizopita nilikuambia bado natafuta. Unakumbuka bibi yetu Sellammal alivyokuwa siku za mwisho. Jina la kijiji chake lilikuwa limemtoka, akabaki na jina la mdogo wake tu, Kunjammal, na thali yake, kile kidani alichofungwa shingoni siku ya ndoa. Akaomba thali hiyo tumtie Kunjammal mkononi, ajue hakusahauliwa. Wewe ulikuwa na mimba kubwa, nikaja mimi huku India.

Huku kila ukoo una umbo lake la thali, na sonara hulitambua kwa kulitazama. Ndiyo maana nilianzia dukani kwa Elango, yule niliyekuandikia habari zake. Aliigeuza, akasema umbo hilo ni la nyumba nyingi za kando ya mto, kazi itachukua muda. Akajitolea kunisindikiza kila siku duka lilipofungwa. Tangu Oktoba tumepanda mabasi, tumebisha milango, tumekunywa kahawa za watu wasiotujua.

Dada, sitakuficha, nilikuwa na furaha. Walinicheka kwa Kitamil changu cha mashamba ya mpira. Mama yake Elango alinifundisha kuchora maua ya unga wa mchele mlangoni kila asubuhi, akasema yangu ni kama kuku wamepigana. Huko kwetu tulikuwa Wahindi kwa sababu wengine walituita hivyo. Hapa nilianza kujiita mwenyewe. Siku ya Pongal, sikukuu ya mavuno, Elango akaniposa, nikakubali.

Jumatatu mama yake alinipa thali yangu mpya, akaomba kuiona ya bibi, aone kama zinafanana. Aliigeuza, akaona nukta mbili nyuma yake, akatabasamu.

“Hii ni kazi ya baba mkwe wangu,” akasema. “Alimtengenezea yule dada mkubwa wa Kunjammal wa Swamimalai, aliyepelekwa Malaya. Elango hajakuambia? Alama hii anaijua tangu mtoto. Masikini, Kunjammal naye kesho ndiyo siku yake ya kumi na sita tangu afariki.”

Swamimalai ni dakika ishirini kwa basi. Kesho yake nilifika wakati wanatandika majani ya migomba kwa karamu ya matanga. Mkwe wa marehemu alinikalisha, akanilisha, akalia nami. Akanieleza kwamba kila Pongal Bibi Kunjammal alinunua sari mbili, moja yake na moja ya dada yake, na ile ya dada yake akaiweka sandukuni. Hata mwezi uliopita alinunua. Akanieleza pia kwamba Novemba alikwenda mjini kutengenezewa hereni, na sonara kijana alimpokea vizuri, akamkalisha kwenye benchi la dirishani. Benchi hilo nalijua, Vasugi. Ndilo ninalokalia mimi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwendea Elango, wala hakukana.

“Ningekuambia siku ya kwanza, wiki ya pili ungekuwa ndani ya ndege,” akasema. “Nikasema nitakuambia baada ya Pongal. Halafu nikasema baada ya harusi. Sikujua Bibi Kunjammal atakufa.”

“Alikuwa na miaka themanini na moja, Elango. Ulitaka akupe taarifa?”

Alilia. Nilimwacha alie. Nilimpenda, na hasira niliyo nayo haijaniondolea hilo, ndiyo inayonitesa.

Sasa linakuja la kwangu, na nakuomba ulisome umekaa. Siku ile ya kwanza nilimwona. Kidole chake kilisimama juu ya zile nukta, akainua macho kwenye picha ya babu yake ukutani, kisha ndipo akasema kazi itachukua muda. Nilijua kuna kitu amekitambua. Nikajiambia nitamuuliza kesho. Kesho yake akaniletea asumini za nywele, sikuuliza. Siku moja basi letu lilisimama Swamimalai, nikataka kushuka, akasema si huku. Nikakaa, tena kwa raha. Jioni hiyo ndipo nilipokuandikia barua ya tatu, kwamba bado natafuta.

Yeye amenisaliti mimi. Mimi nimemsaliti bibi, na wewe uliyeniamini, na yule mzee aliyekuwa akinunua sari. Usimlaani yeye ukaniacha mimi.

Harusi haipo. Ile thali mpya nimemrudishia mama yake Elango. Ya bibi nimeikuta haina mkono wa kutiwa, narudi nayo pamoja na sanduku la sari, zimo arobaini na tatu. Nitafika Jumamosi ijayo. Usije na maua.

Nisalimie shemeji na majirani wote wanaoniulizia. Watoto waambie mama mdogo alimpata bibi yao wa Swamimalai. Usiwaambie lini.

Mdogo wako,
Poongodi