Nyaya Nane za Ombati

Jumapili, 1 Agosti 1971
Majani chai nimeshapeleka kituoni, miguu nimeosha. Nimesikiliza tepu zangu za Ombati tena, zote. Kebirigo nzima ni mimi tu mwenye rekoda, na ni mimi tu mwenye masikio. Ni mimi niliyemgundua. Nilimkuta nyuma ya kiwanda cha Itumbe na obokano, kinubi cha wazee wetu, lakini ameng'oa nyuzi za mishipa ya ng'ombe akafunga nyaya za ua. Anazikwaruza kwa gunzi. Tumboni mwa kinubi ametia kokoto. Haimbi. Huwezi kuinuka ucheze. Watu husema ni wazimu. Mimi nywele zilisimama, na mimi nilishamvuta chui mkia kule Nyacheki.

Jumanne, 3 Agosti
Habari mbaya. Kemunto mke wangu kaileta kutoka mkutano wa akina mama kanisani: Ombati anabatizwa Sabato hii. Obokano itachomwa Ijumaa. Ni kitu cha pombe, wamesema. Kemunto amefurahi. Mimi nimeusukuma ugali kando.

Jumatano, 4 Agosti
Nimekwenda Itumbe. Nia yangu: ninunue obokano, akikataa niibe. Nikamwekea tepu ajue thamani yake. Akacheka hadi akakohoa.
"Omogaka, mzee wangu, obokano iko wapi hapa? Nasikia wewe na chui tu."
Kweli. Kila tepu ni mimi: najitaja jina, naeleza, nasema sasa sikieni hapa. Yeye yuko nyuma kama panya darini. Nimekusanya mdomo wangu.
Nikamwomba apige upya. Kakataa, ameapa mkono wake hautaigusa tena. "Lakini njoo Ijumaa na mashine. Nyaya nilizikaza kabla ya kuapa. Zitajipiga zenyewe motoni, wimbo wa mwisho. Wewe nyamaza tu."
Nyamaza tu! Angeniambia nihamishe mlima.

Alhamisi, 5 Agosti
Betri mpya, duka la Mhindi, Kisii mjini. Nilimweleza mambo yote mpaka akaanza kufunga milango nikiwa ndani. Naogopa.
Jioni nimejaribu kunyamaza. Kemunto akauliza, "Baba Moraa, unaumwa?" Nikamjibu kwa hadithi ndefu.

Ijumaa, 6 Agosti
Rekoda ndani ya koti. Mchungaji kaomba, moto ukawashwa. Mti uliposhika, waya wa kwanza ukalia, sauti ikishuka, kama ng'ombe anayeita kutoka bonde la pili. Kisha wa pili. Kokoto zikapasuka. Watu wakarudi nyuma. "Pepo!" Ulimi ulinichemka. Niseme ni mimi niliyejua! Nikauma kola.
Mchungaji akaniona. "Mzee, umeficha nini hapo?"
Wote wakageuka. Mimi, mwenye jibu la kila kitu. Nyaya bado zinalia. Ombati ananitazama, mikono nyuma. Mchungaji akapiga hatua.
"Mwacheni," akasema Kemunto. "Anaumwa tangu jana."

Jumapili, 8 Agosti
Jana Ombati alibatizwa, akatoka mtoni akitetemeka. Alinishika mkono.
Leo tumesikiliza, Kemunto na mimi. Nyaya zote nane, mmoja baada ya mwingine. Halafu moto peke yake. Kemunto hakusema ni dhambi. Alisikiliza hadi tepu ikaisha.
"Mtu akisikia hii," akasema, "hatajua kama ulikuwepo."
Nikammiminia chai.