Vidole Vyako Viko Ifo

Kwa mjukuu wangu Hamse,

Assalamu alaikum. Tangu Idi hujaonekana hapa kambini Ifo, au huko Galbet wamekufunga kamba kama mbuzi? Kile kikohozi kimeisha? Mimi mzima, alhamdulillahi, magoti tu ndiyo yananinung'unikia. Mimi nasema, Hasna wa jirani anaandika, na nimemwonya asipunguze ukali.

Najua kwa nini huji. Umenikasirikia kwa ajili ya kitambulisho. Ulisema kila ukienda kukiomba, mashine inasoma kidole chako na kukuita mkimbizi, na bila kitambulisho hupati leseni, na lori la Peterson litapewa dereva mwingine. Sawa, kasirika. Lakini ukame ule ng'ombe wetu walilala kwetu Griftu, humu humu Kenya, wasiinuke tena, na wewe ulikuwa umebaki macho tu. Nikakubeba hadi hapa, nikasema tumetoka ng'ambo ya mpaka, tukaweka vidole, tukapewa unga. Ukaishi. Ningefanya vile vile hata leo.

Sasa liko jambo nililokuficha kwenye simu, maana ungenipigia kelele. Nilikwenda mbele ya kamati inayowachunguza Wakenya walioandikishwa ukimbizi. Nikawaambia sisi ni watu wa Griftu, watufute wote wawili. Afisa mmoja, Mwiti, kijana mpole, aliniuliza kama naelewa kwamba nikifutwa, mashine ya chakula haitanijua tena. Nikamjibu kwamba meno ya kutafuna mtama wao yalishaniaga. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, akauliza tena, nami nikaweka kidole. Siku ya mgao mashine ilinikataa mbele ya watu. Nikarudi na gunia tupu, nikalikunja, sasa ni mto wangu.

Usilie, wala usitume kitu. Namuuzia binamu yangu Hawo maziwa ya ngamia wake sokoni, nakula na kushiba. Ila wewe hawakufuti bila kukuona. Wanakutaka Alhamisi ijayo, wewe mwenyewe na vidole vyako.

Msalimie Peterson, mwambie angoje kidogo. Hasna naye anakusalimu. Nimemlazimisha aandike hilo. Allah akulinde njiani.

Ukifika, usiende ofisini peke yako. Pitia kwangu, unywe chai, ule, ndipo twende pamoja. Wewe ukiulizwa maswali unanyamaza, na mimi sinyamazi.

Ayeyo wako,
Bilan