Niliiona Kasoro, Nikanyamaza

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kwanza naomba radhi kwa kimya cha miezi minane. Barua yangu ya kwanza uliijibu kwa kuniambia nikubali kuongozwa na kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, nikakasirika, nikaacha kukuandikia, lakini sasa maji yamenifika shingoni.

Mimi ni mtengenezaji wa programu za kompyuta, mwenye miaka hamsini na minne, na katika timu yetu hakuna kazi inayoingia kwenye mfumo kabla mwenzako hajaikagua na kuiidhinisha, na tangu kijana yule apewe uongozi nimekuwa nikikagua kwa shingo upande, naidhinisha, nakunywa chai, nakwenda nyumbani. Mwezi uliopita binti mgeni, tunayemwita Kalamu kwa kuwa huandika kila anachoambiwa, aliniletea sehemu ya mfumo wa miadi ya wagonjwa wa hospitali moja, nikaona pale pale kwamba mgonjwa akibadilisha siku, mfumo utaifuta siku mpya na kubakiza ya zamani, nikasema moyoni: kiongozi amejisifu kwa wakubwa kwamba timu yake haikosei, acha aone.

"Mzee, umeipitia yote?" aliniuliza.

"Nimeipitia, mwanangu. Iko sawa."

Wagonjwa thelathini na mmoja walifika siku ambayo daktari wao hayupo. Kiongozi hakuguswa, aliyeitwa ni Kalamu. Akasema mbele ya wote, "Msimlaumu Mzee, macho yake yamechoka. Kosa ni langu." Watu wakacheka kidogo, mimi nikatazama meza. Macho yangu hayana ugonjwa wowote. Alhamisi ijayo kuna kikao cha kumwachisha Kalamu kazi.

Mshauri, nitaipataje tena ari ya kazi?

Mzee Mkaguzi

*

Mzee mwenzangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza utamwokoaje binti huyo. Sikupaona. Umeuliza habari za ari yako.

Kupitwa na mwanafunzi wako kunauma, na sikucheki. Lakini hasira yako ilikuwa kwa kiongozi, ukamtwisha mtoto wa watu. Na wagonjwa wale, waliokaa mbele ya mlango uliofungwa na maumivu yao, walikukosea nini? Usijidanganye kwamba ulichoka. Aliyechoka haoni kasoro, wewe uliiona.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hujawasha kompyuta, mwite Kalamu umwambie kwamba macho yako ni mazima. Usimwombe msamaha siku hiyo hiyo, mwache akasirike. Kisha mwandikie kiongozi wako maneno matatu: niliiona, nikanyamaza, nikaidhinisha. Usiongeze la nne kuhusu uchungu wako. Huenda ukaachishwa kazi wewe, na itakuwa haki. Ukibakizwa, soma kazi ya mwenzako kana kwamba mgonjwa ni mama yako. Ari itakukuta hapo, kwingine usiitafute.

Mshauri

*

Mpendwa mshauri,

Nimekusoma. Leo ni Jumatano. Maneno matatu nimeyaandika. Karatasi iko chini ya kibodi.

Asubuhi nilimwita Kalamu kama ulivyosema. Kabla sijafungua kinywa, alinipa kipande cha karatasi chenye jina la daktari wa macho. "Nenda, Mzee, usichelewe. Mimi huenda nisiwepo wa kukukumbusha."

Nikamwambia, "Asante, mwanangu."

Kikao ni kesho saa tatu. Nikishaamua, nitakuandikia.