Fomu Arobaini za Wodi ya Wanawake

Segese, 9 Machi 2024

Mwanangu Violeth,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo mama? Kifua kimepoa, au kile kiyoyozi cha maktaba bado kinakutesa? Sisi huku wazima kwa neema ya Mungu, ila goti langu linanikumbusha umri kila ninapopiga deki wodini.

Fomu zako arobaini hizi hapa, nimezifunga na kumkabidhi kondakta wa basi la Mwanza. Kwenye simu ningeanza kueleza salio likaisha, ndiyo maana nimeandika. Nimefanya kama ulivyonielekeza. Kila mgonjwa aliyehudumiwa na wanafunzi wa udaktari walioletwa hapa nimemuuliza maswali yako kwa Kisukuma, jibu nikaliandika kwa Kiswahili. Walikusalimia? Walikuomba ruhusa kabla ya kukupima? Walikueleza ugonjwa wako? Najua wenzako wanauliza hayo hayo kwenye hospitali kubwa ya chuo huko mjini, halafu mlinganishe ni wapi mwanafunzi anafundishwa vizuri. Nesi Martina alicheka sana: "Hospitali yetu ya bati ishindanishwe na ghorofa? Mama Violeth, tuombee!" Nimewaombea kweli.

Umenipa heshima, mwanangu. Mimi wa darasa la saba kushika kalamu ya utafiti!

Ni mimi mama yako.


Mwanza, 2 Aprili 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi kifua kimepona, namshukuru Mungu.

Mama, sina raha. Dokta Donatus, anayesimamia utafiti wangu, ameniita ofisini. Huku mjini, kati ya wagonjwa arobaini, kumi na saba wamelalamika. Huko kwetu hakuna hata mmoja. Akaniambia, "Violeth, hata malaika hawapati arobaini kwa arobaini. Hizi umejaza mwenyewe bwenini?" Nililia mbele yake. Kikao cha chuo ni tarehe ishirini na sita. Wakiamini nimetunga majibu, utafiti unafutwa nami nafukuzwa, mwaka huu huu wa mwisho.

Usikasirike nikikuuliza. Uliwauliza wote? Na waliyosema ndiyo uliyoyaandika?

Mwanao, Violeth.


Segese, 8 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kusikia umepona. Goti hivyo hivyo.

Niliwauliza wote, mbele za Mungu, sikumruka hata mmoja. Mwambie huyo Dokta kwamba watu wa huku wana shukrani. Mvua imekata wiki ya pili sasa, mahindi yanajikunja majani. Sali sana, na ule vizuri.

Mama yako.


Mwanza, 12 Aprili 2024

Mama, shikamoo.

Nilikuuliza maswali mawili. Umejibu moja.

Violeth.


Segese, 19 Aprili 2024

Mwanangu Violeth,

Amani ya Bwana iwe nawe. Sijui unalala vipi huko. Mimi mzima wa mwili tu. Barua yako imekaa ndani ya Biblia yangu siku sita, na kila nikifungua kusoma neno la Mungu nakutana na neno lako.

Swali la pili, jibu ni hapana.

Sikukusudia kudanganya, mama. Wodini huku madaktari wanakuja na kuhama, wengi wageni wasiojua Kisukuma. Daktari anauliza, mgonjwa anafoka kwa Kisukuma, mimi niliye katikati nasema, "Anashukuru, daktari." Nalainisha ili wasigombane, na mgonjwa atibiwe. Miaka kumi na sita nafanya hivyo, nikiona ni adabu. Hata kwenye fomu zako mkono ulikwenda wenyewe.

Mke wa Mayala, yule wa uvimbe tumboni, aliniambia: "Walikuja sita, wakanifunua bila hata salamu ya mwangaluka, wakanitazama kama ng'ombe wa mnadani." Nikaandika, *Ameridhika.* Kuna binti wa machimboni aliyepoteza mimba ya miezi sita. Aliwauliza kama mtoto alikuwa wa kike au wa kiume, wakaangaliana, wakahamia kitanda cha pili. Nikaandika, *Ameelezwa vizuri.* Na sikufichi, niliogopa pia tusije tukaaibika mbele ya mji. Daktari wetu wa kudumu ni mmoja tu. Wanafunzi wakiacha kuletwa, tutabaki na nani?

Nilikwenda kuungama. Padri akasema, "Rozari utasali, mama, lakini uliyemtia hasarani hayupo hapa kanisani. Yuko Mwanza."

Juzi nikapanda bodaboda hadi kwa mke wa Mayala, nikamwomba anieleze upya ili nisahihishe. Alikuwa anapepeta mchele, wala hakuacha. "Mayu," akaniambia, kama binti anavyomwita mama yake, "mimi nilishasema. Wewe ndiye hukuandika." Nikakosa pa kuficha uso.

Kwa hiyo sijasahihisha kitu. Nikiyagusa tena majibu yao nitayaharibu zaidi. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Dokta Donatus, mpe kabla ya kikao. Nimemweleza yote na kusaini jina langu kamili, Scolastika Mwigulu, mhudumu wa wodi, nikaacha hilo la Mama Violeth, ili ajue kosa ni la nani. Nimemwomba atume mtu mwingine anayejua Kisukuma, asiyekula mshahara wa hospitali yetu, akawaulize wale wanawake majumbani mwao. Matroni naye nimemwambia. Hajasema kama nitabaki kazini.

Sijui kama barua ya mhudumu itasikilizwa kwenye kikao cha wasomi. Ila wakikuacha umalize, ukawa daktari, siku moja utasimama kwenye kitanda cha mgonjwa na mtu kama mimi atakwambia, "Anashukuru." Mwulize tena, mwanangu. Mtazame mgonjwa usoni, umwulize tena.

Tafadhali nijibu mapema, hata kama bado una hasira.

Mama yako.