Kioko Anaomba Nafasi Kwenye Safu ya Teno

Leipzig, Ujerumani

Mpendwa Baba,

Nakusalimu kwa heshima ya binti aliyelelewa kwa sauti yako. Kifua chako kinaendeleaje baada ya ile baridi ya huko nyumbani Kola? Mahindi yalistahimili? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Masomo yananichosha, maandamano ya kutetea wanafunzi wa kigeni yananichosha, na siku hizi nikishika kipaza sauti maneno yangu hutoka yamepoa.

Lakini nakuandikia kuhusu mwanao Kioko, ambaye jina lake halijatajwa mezani kwako tangu alipotoa ule wimbo wake wa kwanza.

Alikuja hapa juma lililopita kutumbuiza. Bango lilimwita mwasisi wa hip-hop ya Kikamba, na ni kweli. Nani mwingine alithubutu kurap kwa lugha yetu wakati redio zilipomcheka? Nani aliwarekodia vijana wa Machakos mjini, katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kuzuia mwangwi? Ulipofika wimbo ule wa kwanza, ukumbi mzima uliitika maneno yako, Baba: "Teno, mmelala? Amkeni!" Ni yale makaripio aliyoyarekodi kwa siri ukiongoza mazoezi ya kwaya yako. Wewe ulisema amelikejeli kanisa, ukamtoa kwenye kwaya. Sisi vijana tuliyapokea kama wito.

Safari hii, hata hivyo, aliingia nyuma ya mdundo. Akarudia, akachelewa tena. Watu walidhani ni mbwembwe. Mimi niliogopa, maana katika nyumba yako nani aliwahi kuruhusiwa kuchelewa mdundo?

Baadaye, jikoni kwangu, nilimsemesha nikiwa kushoto kwake. Hakugeuka mpaka nilipomgusa bega.

"Hiyo ya kushoto iliisha, Mwende," akasema. "Ni hizi spika, miaka yote. Ya kulia pia inafuata."

"Daktari anasemaje?"

"Ati nipumzike. Lakini hotuba zako sasa nitasikia nusu. Mungu ni mwema."

Nilicheka, kisha nikahamia kulia kwake. Nikamwuliza anataka nini.

"Nataka kuimbia Mzee teno, Jumamosi moja tu kwaya ikikutana, kabla hii masikio izime. Alifikiria nilimcheka. Wacha! Nilikuwa natafuta mtu ako na taimu, mtu hapotezi mdundo, na Machakos yote hakukuwa na mwingine. Lakini akinifukuza mbele ya kwaya, hiyo ndiyo nitabaki nikisikia."

Baba, nimewahutubia wakuu wa chuo bila kutetemeka, ila mbele yako nakosa ufasaha. Sikuombi uikubali hip-hop. Sikuombi hata umsamehe siku hiyohiyo. Naomba tu teno wasogee kidogo kwenye benchi, naye aketi.

Nisalimie Mama, Mwaitu wetu, umwambie sweta aliyonifumia ndiyo inayonivusha majira haya. Nisalimie Susu, mwambie mjukuu wake bado anakula ugali, japo ni wa unga wa dukani. Shangazi Ndinda anayeongoza alto naye asimlilie Kioko mbele ya watu, tafadhali, atatoroka.

Kioko atafika Kola mwisho wa mwezi. Ukimsalimu asijibu, usidhani ni kiburi. Zunguka upande wake wa kulia, Baba, umwite tena.

Ni mimi binti yako,
Mwende