Mgongo wa Mfarishi wa Sumaia

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Zainabo ameleta vitambaa vya mfarishi wa harusi. Ee Mola! Kapulana mpya kumi na mbili, kanga za rangi kali, zote zinapiga kelele. Anataka uso wa miraba iliyopangwa sawasawa, kama sakafu ya benki. Na mgongo? Shuka jeupe, tupu. "Mgongo nani atauona, dada Nazira?" Nani atauona! Mtu wa Awasse, huko bara, utamfundisha nini.

Miaka kumi anakaa na Hamido, katika ndoa iliyokuwa ya mdogo wangu, marehemu Rachida, na bado hajui kwamba uso ni wa wageni, mgongo ni wa mwenye kulala. Fundi anajulikana kwa mgongo.

Nimekubali kwa ajili ya Sumaia tu. Mtoto wa Rachida hataolewa tarehe 21 akajifunike kazi ya sokoni.

Jumanne, 9 Septemba

Uso umefika nusu. Mbaya, lakini umenyooka.

Nimepima lile shuka — limepungua shubiri mbili! Hata shuka hajui kununua. Afadhali. Nitalipasua kwa urefu, si katikati (katikati ni akili za Zainabo), bali karibu na ubavu wa kushoto, na kwenye mwanya niunge mlia wa vipande vilivyobaki. Miraba minne iliyonipinda nitaisimamisha kwa pembe, ionekane nilikusudia. Ndiyo ufundi huo.

Hamido kaleta magunia mawili, akayatua mlangoni, akauliza hali, akaenda zake. Shemeji yangu huyo hajawahi kumaliza sentensi. Baadaye Zainabo akapiga simu. Lenye kamba nyekundu ni masalio ya kapulana mpya, "na lile lingine, dada..." Nikamkata. Nikamwambia nilishika sindano yeye hajajua kujifunga nguo, asinifundishe kazi ya matambara. Kisha: "Pronto, basi, dada. Nitakuja Jumamosi." Asije!

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefungua gunia la pili.

Nguo za Rachida. Saba! Ile ya kahawia yenye mabibo, aliyokwenda nayo Mocímboa kumzaa Sumaia. Ile ya buluu tuliyovaa sare, mimi na yeye, harusini kwa binamu yetu. Sote tulijua ziliungua na nyumba yao Palma, vita vya mwaka 2021. Sumaia alizililia kuliko nyumba yenyewe. Kumbe huyu mwanamke anazo, na sasa kanitupia niziunge viraka! Zimekunjwa vizuri, karafuu katika kila mkunjo. Hata takataka zake anataka zionekane safi. Mnafiki.

Haya. Shuka lake jeupe nimelitupa kapuni. Mgongo mzima utakuwa Rachida. Zainabo atandaze sakafu yake ya benki mbele ya wanawake, ajivune, asijue kilicho chini.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimekata zote. Mkasi haukusita.

Ile ya kahawia nimeiacha kipande kikubwa, nikaisogeza juu kidogo, mahali kifua kinapofika. Buluu nimeichana milia, inateremka ubavuni bila kulingana. Zilizochakaa nimezikata ndogo, nikaficha matundu kwenye mishono. Kapulana mpya nimezipa pembe nne tu, zikae huko huko. Sijawahi kuunga mgongo kama huu. Nimelia kidogo, nikapiga pasi, nikapiga bandi kushikiza uso na mgongo.

Jumamosi, 13 Septemba

Zainabo kaja. Hata hajakaa: "Dada, lile gunia lingine umeliweka wapi?"

Siku ile tulipokimbia Palma aliacha masufuria yake, akabeba gunia hilo kichwani mpaka Quionga. Kisha akalificha. Alingoja harusi — mwali hupewa nguo za mamake, nzima, zimekunjwa. Nani hapa hajui hilo? Mimi mwenyewe nilizipokea za mama yetu hivyo hivyo! "Nilitaka umpe wewe kwa mkono wako. Mimi si mamake."

Nikamfokea. Kwa nini hakusema! "Ningesema saa ngapi, dada? Uliniacha?"

Nikamwonyesha. Alikaa chini na mfarishi mapajani, akaupapasa mgongo, akaifikia ile ya kahawia. Akasema kazi nzuri. Bora angenizaba kofi.

Mlangoni akageuka: "Mtoto akiuliza, sema nilikata mimi. Kunichukia ameshazoea. Wewe ndiye ndugu aliyebaki upande wa mamake."

Watu wa bara, hata wema wao una kiburi. Nimeandika hivyo, na najua ni upuuzi.

Jumatatu, 15 Septemba

Sumaia kaja asubuhi kuona mfarishi. Uso kautazama kidogo tu. Akaugeuza. Akaitambua ya kahawia mara moja, akacheka, akalia, akaizika pua ndani. Kisha akainua kichwa. "Afinal, kumbe zilikuwepo? Nani kazikata, mama mkubwa?"

Zainabo hakuwepo. Hakuna aliyenishika koo. Nikasema: "Zilitoka kwenu, kwenye gunia la matambara."

Sikumtaja mtu. Mwoga mimi, hata kusema uongo kamili sikuweza.

Mtoto akampigia Zainabo simu papo hapo, akamtukana matusi ambayo sikujua anayajua. Nilisikia sauti upande wa pili, ndogo, imetulia: ndiyo, mwanangu, mimi. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na mkasi uko mezani.

Sasa ni alasiri. Sumaia amejifunika mfarishi, mgongo juu. Anasema harudi kwao. Atatoka kwangu Jumapili, na Zainabo asikanyage chumba cha harusi. Anasema: "Sina mama mwingine ila wewe."

Zainabo yuko nje na sahani ya wali, kajua mtoto hajala. Anapiga hodi.

"Mama mkubwa, mfukuze!"

Hodi ya tatu hii. Nimesimama. Nimekaa tena.